Moshi usafi tumeweza, jua limetushinda nini? (Nimehesabu paneli, Pasua hadi stendi)

#1 Mhesabu Mapaa

Habari za humu wakuu.

Jumamosi nilitoka Pasua kwa miguu mpaka stendi kuu, nikazunguka makusudi kupitia Majengo. Shughuli ilikuwa moja: kuhesabu mapaa yenye paneli za sola. Nimepata 11. Safari nzima, 11, na jua lilivyokuwa linachoma utosi ilibidi ninunue kofia njiani.

Sasa naombeni mnifafanulie. Mji huu ukidondosha ganda la ndizi, mtu wa manispaa anachomoka kama alikuwa kajificha mtaroni, risiti ya faini mkononi. Tulilalamika, tukazoea, leo hii sisi wenyewe ndio tunawakaripia wageni. Basi likikaribia Moshi kondakta anatangaza, "chupa zenu shikeni, hapa si kwenu." Mji mzima ulibadilishwa tabia. Kwenye umeme na mkaa kimeshindikana nini?

Ndugu zetu wa Tübingen kule Ujerumani, mji tuliofunga nao udugu mwaka 2014, hawafiki hata laki moja. Sisi tumeshapita laki mbili. Wale wamejiwekea lengo kwamba ikifika 2030 mji wao usiwe unaongeza hewa chafu angani, na kila nyumba mpya lazima iwe na paneli juu. Na jua lenyewe la kule ni la kuvizia! Sisi tuko nyuzi tatu na kitu tu kutoka ikweta.

Msinijibu "hela" halafu mkaondoka.

#2 Chalii wa Sakina

Hela.

(naondoka)

#3 Mama Kitawa

Hahaha Chalii una laana wewe. Mleta uzi, pole kwa kutembea.

#4 Fundi Waya

Mkuu #1, kabla hatujafika mbali. Kati ya hizo 11, ngapi zilikuwa na pipa limelala juu yake? Zenye pipa ni hita za maji. Zile hazitoi umeme hata wa kuwasha redio, zinachemsha maji ya kuoga tu.

#5 Mhesabu Mapaa

Mh. Nne... tano zilikuwa na pipa. Nilidhani ndimo betri zinamokaa.

#6 Fundi Waya

Basi una sita. Karibu kwenye fani 😂

Niseme la kwangu kwa namba, maana hii ndiyo kazi inayonilisha. Mteja wangu mmoja wa Soweto, nyumba ya kawaida, friji, pasi, tivii mbili, pampu ya kisima, anakula uniti 150 kwa mwezi. Uniti moja ya T1 (tarifu ya matumizi ya kawaida) ni shilingi 292, ukipachika VAT asilimia 18, makato ya umeme vijijini (REA) 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1 inakuja kwenye 356. Kwa mwezi ni kama 53,400. Nilimfungia paneli mbili za wati 550, invata na betri ya lithiamu, akalipa 2.8 milioni pamoja na ufundi. Kwa wastani zinampa kama uniti nne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi, anaokoa elfu 42 na ushee. Hela yake inarudi baada ya miaka mitano na nusu. Huyo inamlipa.

Sasa chukua jirani yake aliye D1 (tarifu ya watumiaji wadogo), anayetumia uniti 70 kwa mwezi kwa bei ya 100 ambayo ikiwekwa makato inakuwa 122. Bili yake haifiki elfu tisa. Mfumo ule ule ungemrudishia hela baada ya miaka 27. Betri yenyewe itakuwa imeshazikwa. Kwa hiyo unaposhangaa mapaa ya Pasua, jiulize kwanza walioko chini yake wako tarifu gani. Umeme wa bei ya huruma ndio unaoua sola mijini. Sijasema uondolewe, nasema ndivyo ilivyo.

#7 Mkia wa Gridi

Fundi namba zako sawa ila umeanzia mlangoni, anzia mtoni. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, mashine tisa za 235. Umeme upo. Lakini upo Rufiji! Mpaka ufike huku kwetu kwenye mkia umeshavuja njiani. Machi 2025 Rais alikuwa Mwanga kwenye uzinduzi wa mradi wa maji, akasema upotevu huo unaligharimu taifa bilioni 32 kwa mwaka, ndiyo maana kaskazini inunuliwe umeme wa Ethiopia upitie Kenya. Watu walipiga kelele humu wiki mbili, mnakumbuka. Hesabu ilikuwa ya umbali tu.

Hoja yangu ni kwamba kila uniti inayozalishwa juu ya paa la Majengo haina haja ya kutoka Rufiji wala Ethiopia. Faida hiyo haionekani kwenye bili ya mteja wa Fundi, inaonekana kwa aliyejenga nguzo. Kwa hiyo anayepaswa kumlipia mwananchi paneli ni huyo.

#8 Chalii wa Sakina

Nimerudi. Na huo wa Kenya ukija unashukia wapi? Lemugur, Arusha. Kwetu. Mkikaa vibaya tunazima swichi. 😎

#9 Kiboriloni Moja

Chalii, mlio na jiji ndio nyie, na dampo linaloonekana toka mwezini ndio nyie. Tuache.

#10 Mpangaji Milele

Hakuna aliyesema neno la mpangaji. Nimekaa Njoro miaka 9, nyumba tatu tofauti. Paa si langu. Nikiweka paneli, siku ya kuhama nifanyeje, niezue? Mwenye nyumba naye bili ya LUKU hailipi yeye, kwa nini atoe milioni tatu ili mimi nifaidi? Nilishawahi kumpa wazo mama mwenye nyumba wangu wa pili, tena kwa heshima zote, akasema "mwanangu ukishaweka nitakuongezea kodi, maana nyumba itakuwa ya kisasa."

Mleta uzi, hayo mapaa yako 11 (samahani, 6) hebu kaulize. Nakuapia yote wenyewe wanaishi ndani.

#11 Mhesabu Mapaa

#10 umenigusa. Hilo sikuwaza kabisa.

#12 Wakili wa Kijiweni

Tuwekane sawa kwenye mambo mawili matatu.

Kwanza Tübingen. Si kweli kwamba "kila nyumba mpya" ililazimishwa na mji. Mwaka 2018 baraza lao liliamua kwamba kwenye viwanja mji unavyouza au unavyoingia mkataba wa uendelezaji, mkataba wenyewe uwe na sharti la paneli. Walitumia mkono wa muuza kiwanja. Sharti la nyumba zote mpya za kuishi lilikuja baadaye kutoka ngazi ya juu, jimbo la Baden-Württemberg, Mei 2022.

Pili, mnasahau kitu kikubwa kuliko jua. Tübingen ina shirika lake la umeme. Linaitwa Stadtwerke, ni mali ya mji: umeme, maji, gesi, mpaka mabasi. Diwani wa kule akikohoa, shirika linasikia. Diwani wako wa Pasua akikohoa, TANESCO wako Dodoma. Manispaa ya Moshi iliweza usafi kwa sababu taka ni kazi yake kisheria: ina sheria ndogo, ina mgambo, ina faini. Umeme si wake. Mnaulaumu mkono wa kushoto kwa kazi ya mkono wa kulia.

Kilicho mikononi mwa manispaa ni kibali cha ujenzi, basi. Barcelona tangu mwaka 2000 jengo jipya linalotumia maji moto mengi halikupata kibali bila hita ya maji ya jua. Kenya walitunga kanuni ya kitaifa 2012: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwenye jua. Hapa kwetu hoteli na hosteli zinavyoota kama uyoga, mngeanzia hapo.

#13 Fundi Waya

Wakili hapo kwenye hita nakubali kwa moyo mmoja. Hita ya pipa haina betri, haina invata, haina cha kuibiwa zaidi ya bomba. Na umeme unaoliwa na hita ya bafuni ndio unaomaliza tokeni. Adui yake ni chokaa ya maji.

#14 Kiboriloni Moja

Hivyo vibali vya ujenzi mnavyoviota mnajua vinachukua muda gani? Mimi nilifuatilia kibali cha chumba na sebule mpaka mtoto aliyekuwa tumboni akaanza chekechea. Mkiongeza na sharti la paneli, watu watajenga usiku.

#15 Bibi wa Uru

Wanangu, mnazungumza taa na pasi. Nyumba nyingi za huku moto mkubwa uko jikoni. Mimi nina umri wa kuwazaa wengi wenu, niliona umeme unaingia Uru na bado kuni zikaendelea kama kawaida.

Miaka ya themanini walikuja vijana wa CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini, toka Arusha wakitujengea mitambo ya biogesi, lile kuba la matofali chini ya ardhi. Marehemu mzee wangu alikubali. Tulikuwa na ng'ombe wanne wa ndani, tukilisha majani ya mgomba. Kila asubuhi samadi ndoo mbili, maji ndoo mbili, unakoroga, unamimina. Gesi ilipika mtori, uji, maji ya kuoga. Tope lililotoka lilirudi kihambani, shamba la nyumbani, migomba ikawa inatisha. Hatukuita jina lolote la kitaalamu, ilikuwa ni nyumba inajila yenyewe na kujirudisha.

Ilitoka 1985 hivi mpaka watoto walipomaliza shule. Wakaenda Dar, mmoja yuko Mwanza. Nani akoroge? Nikabaki na ng'ombe mmoja, gesi yake haichemshi hata chai. Kuba likapata ufa. Sasa natumia mtungi, na mtungi ukiisha natumia kuni.

#16 Mama Kitawa

Shikamoo bibi. Umenikumbusha nyumbani Kibosho. Kwetu ufa ulianza baada ya miezi minane, fundi alipunguza saruji akala hela.

#17 Bibi wa Uru

Marahaba mwanangu. La kwetu lilikuwa zuri. Waliojenga mwanzoni walikuwa wanasimamiwa.

#18 Mkia wa Gridi

Bibi kwa heshima, maelezo yako yanampinga Wakili. Hapo hakukuwa na sheria ndogo wala faini, na ilifanya kazi miaka mingi. Iliyokufa ni familia ya watu saba kihambani. Teknolojia haikufa, nguvu kazi ndiyo iliyohama.

#19 Wakili wa Kijiweni

Haimpingi Wakili. Uru ni kijijini, sisi tunazungumzia mji. Ng'ombe wanne utawaweka wapi Majengo, sebuleni?

#20 Chalii wa Sakina

Mangi akiwa na ng'ombe sebuleni atawakodisha. 😂😂

#21 Mwalimu Jikoni

Nafundisha shule moja ya bweni, jina silitaji. Serikali ilisema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Sisi tuna wanafunzi zaidi ya 600. Yalikuja majiko makubwa ya gesi, picha zikapigwa. Mwezi wa kwanza gesi iliisha kabla ya tarehe 20. Makande ya watu 600 mnayajua? Maharage na mahindi makavu, masaa manne motoni. Mpishi wetu mkuu, baba mmoja mkimya sana, siku hiyo alitoka nje bila kusema kitu akarudi na shoka.

Sasa hivi tunapika kwa mchanganyiko: uji na chai gesi, makande kuni. Wakaguzi wakija makande yanahamishwa ratiba, watoto wanakula wali. Wanafunzi wanawapenda wakaguzi kupita maelezo.

Mkakati wa taifa unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia. Naupenda. Ila bajeti ya shule ilitungwa kwa bei ya kuni.

#22 Mama Kitawa

Mwalimu loweka! Makande yakilala kwenye maji usiku kucha nusu ya moto umeokoa. Na kwa nyumbani jiko la presha la umeme ndiyo suluhu. Nilipima kwenye mita yangu: makande ya watu sita, uniti 0.6. Shilingi 214. Kabla ya hapo sado ya mkaa 2,500 ilikuwa haimalizi siku mbili. Mama mkwe wangu alikataa kabisa kula ya kwanza, akasema chakula hakijanukia moshi ni cha hospitali. Siku hizi ndiye anayenikumbusha kulichaji. (Anadhani linachajiwa. Sijamsahihisha.)

#23 Mpangaji Milele

Hilo jiko ndilo jibu langu! Kwa mpangaji, halihitaji paa. Unahama nalo kwenye beseni.

#24 Fundi Waya

Ila mama hesabu hiyo ni nzuri tukiwa na umeme wenye nguvu. Saa moja jioni mtaa mzima ukiwasha, transfoma yetu inalia kama mbuzi, voltiji inashuka, jiko linazima katikati ya maharage. Watu wanarudi kwenye mkaa. #7 analaumu Rufiji, mimi nalaumu transfoma ya mtaani iliyowekwa nyumba zikiwa 40 na sasa ziko 150.

#25 Mkia wa Gridi

Vyote viwili.

#26 Fundi Waya

Sawa, ila yako inatatuliwa na Rais, yangu inatatuliwa na gari moja na watu wanne.

#27 Mkulima wa Mabogini

Nimesoma uzi wote, mnafurahisha. Mnatafuta nishati jadidifu angani wakati mji wenu unaniletea mimi kila siku bila kujua. Maji taka ya Moshi yanateremka mpaka mabwawa ya Mabogini. Yanatulia, jua na vijidudu vinayafanyia kazi, bwawa hadi bwawa, hayahitaji mashine, hayahitaji umeme. Yakitoka huko mwisho wake ni mashamba ya mpunga. Wali mnaokula Mbuyuni msiulize sana.

Na upande wa pili kuna TPC, kiwanda cha sukari. Miwa ikikamuliwa, makapi yanachomwa, mvuke unazungusha mashine, kiwanda kinajiendesha na ziada inaingia gridi. Kwa hiyo Moshi ina nishati jadidifu tangu zamani, ila haikai juu ya mapaa kwa hiyo mhesabu mapaa hakuiona.

#28 Mhesabu Mapaa

Nakubali, nilikuwa naangalia juu tu. Ila mkulima, huo wali...

#29 Mkulima wa Mabogini

Mtamu.

#30 Kiboriloni Moja

Mimi wali nimeacha kuanzia leo.

#31 Mzee wa Mfongo

Vijana, mimi nawapinga wote kidogo. Wazee wetu mlimani walichimba mifongo, maji yakatembea kilomita na kilomita kwa mteremko tu, kila ukoo na zamu yake, atakayeiba maji usiku anajulikana asubuhi. Mfongo ukiziba linapigwa baragumu, watu wanatoka msaragambo, kazi ya pamoja. Asiyetoka analipa, zamani mbege, baadaye pesa. Usafi wa Moshi nao nauona ni mtoto wa msaragambo, manispaa ilipokea tu tabia iliyokuwepo.

Kwa sola mnanunua kila mtu peke yake, paa lake, betri yake, fundi wake. Ndiyo maana haiendi. Weka mfumo mmoja kwa nyumba kumi, mpate zamu, mpate mwenyekiti, mpate wa kulaumiwa. Mtoto wangu mmoja alisoma Tübingen. Anasema kuna mtaa unaitwa Französisches Viertel, zamani kambi ya wanajeshi wa Ufaransa. Wakazi wenyewe waliungana vikundi, wakanunua kiwanja pamoja, wakamlipa msanifu mmoja, wakajenga ghorofa yao, duka chini, watu juu, magari yamewekwa pembeni ya mtaa. Nikamwambia hicho ni kikoba cha nyumba.

#32 Wakili wa Kijiweni

Mzee wangu shikamoo. Wazo zuri, ila nyumba kumi zikigawana umeme kwa waya unaovuka uzio unaingia kwenye sheria ya umeme, na EWURA watataka kujua nani anamuuzia nani. Mfongo haukuwa na EWURA.

#33 Mzee wa Mfongo

Marahaba. Mfongo ulikuwa na wazee wa mfongo, walikuwa wakali kuliko EWURA.

#34 Chalii wa Sakina

Nyumba kumi kugawana betri moja? Sisi kwetu nyumba nne zinagawana geti na hatusalimiani.

Ngoja leo niwe serious kidogo. Mtaani kwetu ziliwekwa taa za barabarani za sola. Nzuri kweli, wamama walikuwa wanauza mihogo mpaka saa nne usiku. Miezi mitano baadaye betri zikaanza kupotea, moja moja, kwa mpangilio, kutoka mwisho wa barabara kuja huku. Tukawa tunajua wiki ijayo ni ya nguzo gani. Hakuna aliyelala nje kulinda, kwa sababu taa ni "ya serikali." Mzee wa mfongo yuko sahihi hapo. Kama betri ile ingekuwa ya kikoba cha wamama wa mihogo, mwizi angepikwa yeye.

#35 Mama Kitawa

Chalii kumbe una akili, umejificha wapi siku zote.

#36 Mpangaji Milele

Swali la pembeni: hao Tübingen wana kodi ya vikombe na sahani za kutupa, tangu Januari 2022, senti 50 za yuro kwa kila kikombe cha kahawa cha kuondoka nacho. Duka moja la mgahawa mkubwa wa Kimarekani lilikwenda mahakamani, likashindwa, Mahakama ya Katiba ikamaliza Januari 2025. Hii si sawa na sisi tulivyopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019? Mbona hiyo tuliiweza ndani ya wiki? Inaonyesha nadharia ya Wakili, penye faini tunaweza.

#37 Fundi Waya

Mfuko mbadala ulikuwa wa mia mbili. Paneli mbadala ni milioni. Narudi kwa Chalii #2.

#38 Chalii wa Sakina

Asante. Nilisema toka mwanzo nikaonekana mhuni.

#39 Mkia wa Gridi

Lakini hela si kamili jamani. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi. Mfumo tayari upo, unamjua kila mwenye mita. Mwenye paneli asamehewe hiyo 1,500 na muuzaji wa paneli alipwe kidogo kidogo kwa njia hiyo hiyo. Kama waliweza kukata, wanaweza kukopesha.

#40 Wakili wa Kijiweni

Hiyo ni ya Bunge, si ya manispaa. Naona mnanichoka.

#41 Kiboriloni Moja

Sana.

#42 Mwalimu Jikoni

Curitiba, Brazil, tangu 1991 mji unapokea taka zinazorejelezwa kilo nne unampa mwananchi kilo moja ya mboga na matunda. Wakulima wa jirani wanapata soko, mitaa ambayo gari la taka haliingii inasafishwa na wenyewe. Sisi pale Mbuyuni maganda ya ndizi kwa siku tu yangelisha mtambo wa biogesi wa shule yangu. Umbali ni dakika ishirini kwa guta. Nilishaandika barua mbili, ofisi moja ikasema niende ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikasema nirudi kwa ile ya kwanza.

#43 Bibi wa Uru

Mwalimu, maganda ya ndizi yanachachuka upesi, mtambo utauma tumbo. Changanya na samadi. Njoo Uru nikuonyeshe lile kuba langu, ufa unazibika ukipata fundi mwaminifu. Kama utalileta hilo gari la maganda, anza na mimi.

#44 Mwalimu Jikoni

Aika bibi, asante. Nakuja Jumamosi.

#45 Mama Kitawa

Mpelekee sukari, mwalimu, usiende mikono mitupu.

#46 Fundi Waya

Na mimi naongozana na mwalimu, niuone huo ufa. Nisikose soda tu.

#47 Chalii wa Sakina

Kuna mtu anauza betri ya lithiamu iliyotumika, 24V, bei ya kutupa. Niko Sakina. Msiulize imetoka wapi.

#48 Mzee wa Mfongo

Nguzo ya ngapi hiyo?

#49 Chalii wa Sakina

😂😂😂 Mzee! Ni ya mjomba kweli, ana risiti!

#50 Mhesabu Mapaa

Leo nimepita tena njia ile ile, safari hii nimegonga hodi. Mpangaji Milele, ulichosema #10 ni karibu kweli yote: mapaa sita, wenye nyumba watano wanaishi humo ndani. Wa sita amepanga, paneli ni yake, kaifunga kwa kamba kwenye mti wa mparachichi ili siku akihama aondoke nayo. Ana miaka 23, anachaji simu za mtaa mzima mia tatu tatu.

Hita sasa zimekuwa sita. Na moja ya zile nilizoziita paneli haikuwa paneli, ni karatasi nyeusi mama mmoja ameanikia mbegu za maboga.